Dementia Care Mapping kwenye nyumba ya wazee: maoni yangu mhudumu niliyekuwa zamu

Naandika hii kwa sababu kila nikitafuta maoni ya hii huduma nakuta yameandikwa na wanaoiuza au na mameneja, wale wanaoinua watu kitandani asubuhi hawasikiki kabisa. Mi ni mhudumu kwenye nyumba ya kulelea wazee wenye demensia, yaani maradhi ya ubongo ya kusahau na kuchanganyikiwa, kazi hii naifanya miaka mingi sasa, na nyumba yetu ililipia Dementia Care Mapping, wengi wanaiita DCM tu, kupitia kampuni ambayo sitaitaja. Nitasema mazuri niliyoyaona na yaliyoniudhi, na nani aichukue na nani asubiri kwanza.

Kwa wasioijua, inakwenda hivi. Mtu aliyesomea hiyo kazi anakuja kukaa sebuleni, chumba cha kulia na kwenye korido. Vyumbani na bafuni haingii, hiyo ni sheria yao na ni sheria nzuri. Anachagua wakazi wachache, mara nyingi kama watano hivi, anawatazama kwa masaa mengi mfululizo, inaweza kufika hata masaa 6, na kila dakika 5 anaandika vitu viwili. Cha kwanza ni mkazi alikuwa anafanya nini, na hapo wana herufi 23: F anakula au anakunywa, K anatembea, B amekaa anatazama tu yanayopita, N amesinzia, C amejifungia ndani hana habari na kinachoendelea, U anaita au anamshika mtu na hakuna aliyemjibu. Cha pili ni hali ya moyo wake na amezama kiasi gani kwenye hicho anachofanya, hiyo inaanzia +5 inashuka mpaka -5. Juu ya hapo anaandika jinsi watu walivyomtendea, yaliyomwinua na yaliyomshusha, wana aina 17 za kuinua na 17 za kushusha. Baadaye wanakaa na wafanyakazi wanawaeleza walichokiona, mnapanga cha kubadilisha, mnakibadilisha, ikipita miezi kadhaa wanarudi kutazama upya. Ni mzunguko, na hili la mzunguko lishikeni kwa sababu ndo kila kitu.

Mbinu yenyewe ilizaliwa University of Bradford kule Uingereza, walioitengeneza ni Tom Kitwood na Kathleen Bredin. Kitwood alikuwa mwanasaikolojia, alifariki 1998, na hoja aliyoishikilia ni kwamba mtu mwenye demensia hazoroti kwa sababu ya ubongo peke yake, anazorota pia kwa namna anavyotendewa kila siku, na wanaomtenda hivyo wengi wao ni watu wazuri wasio na nia mbaya hata kidogo, wana haraka tu, wamechoka, au ndivyo walivyokuta kazi inafanyika. Hiyo sehemu ya mwisho ndo ilitakiwa tuambiwe kabla ya kitu kingine chochote na hatukuambiwa.

Nianze na hapo maana maandalizi yalikuwa mabovu. Karatasi moja ilibandikwa ukutani inasema watazamaji watakuja "kuangalia ubora wa huduma". Basi. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu anayefanya kazi kwa kutumwa na wakala, hana mkataba wa kudumu, anasoma karatasi hiyo afu asubuhi anakuta mgeni amekaa pembeni na ubao na kalamu anaandika kila dakika 5. Watu waliogopa kweli kweli. Dada mmoja aliniambia anaona kama anaandaliwa kufukuzwa. Wengine walianza kuongea na wakazi kwa sauti ya maigizo, yaani unamsikia kabisa kwamba haongei na yule bibi, anaongea na yule wa ubao. DCM yenyewe inataka kikao cha maandalizi na kila mtu, pamoja na wa usiku, wa jikoni na wa usafi, na inataka waelezwe kwamba anayetazamwa ni mkazi, dunia inatazamwa kutoka kwenye kiti chake, mhudumu hapigwi alama. Kampuni yetu ilikiruka hicho kikao kwa sababu ya ratiba na meneja akakubali. Kama unaleta hii huduma kwako na ukaambiwa maandalizi yatakuwa ya karatasi, kataa.

Bahati nzuri mtazamaji aliyekuja alikuwa mtu wa maana. Alijitambulisha kwa wakazi mmoja mmoja, aliwaomba ruhusa kwa lugha nyepesi, bibi mmoja aliyeonekana kukereka na kutazamwa alimwondoa kwenye orodha pale pale na hakubishana naye. Kuna wakati mzee mmoja alikuwa anainuka kwenye kiti vibaya anataka kuanguka, akaacha ubao akaenda kumshika. Hayo ni mambo madogo ila yalituliza watu kuliko ile karatasi.

Sasa walichokiona. Hapa ndo nilipoanza kuiamini hii kitu.

Wodini kwetu, kama wodi nyingi za demensia, kuna wakazi wa kelele na wakazi wa kimya. Wa kelele wanaita, wanatembea, wanavuta milango, wanagombana, kwa hiyo siku nzima miguu yetu inawafuata wao. Wa kimya wanasifiwa, utasikia kwenye kukabidhiana zamu "fulani hana shida, amekaa vizuri tu leo". Kwenye ramani ya mtazamaji, yaani ile karatasi yake ya herufi na alama, mmoja wa hao wasio na shida, mama mtulivu sana, muda baada ya kifungua kinywa mpaka karibu na chakula cha mchana ilikuwa B, B, N, C, C, N, B, zinajirudia hivyo hivyo, na kwenye safu ya moyo imeandikwa +1 ikishuka -1. Hakuna aliyemkosea. Hakuna aliyempigia kelele wala kumvuta. Hakuna tu aliyemfikia. Kilichomsogelea kwa muda wote huo ni kitoroli cha dawa na mkono wa kumrekebishia mto. Kwenye ripoti zetu za kila siku mama huyu alikuwa na siku nzuri kila siku, mwezi mzima, kwa sababu fomu zetu zinaandika matukio na yeye hana matukio. Hajaanguka, hajapiga mtu, amekula. Nilikaa na ile karatasi ya herufi nikaitazama kwa muda mrefu, kwa kweli iliniuma, maana nampenda yule mama na kila mtu pale anampenda.

Hiyo nadhani ndo nguvu ya DCM ambayo sijaiona kwenye kifaa kingine chochote. Inahesabu ukosefu. Vipimo vingine vinavyotumika kwenye nyumba zetu vinahesabu fujo, mtu kapiga mara ngapi, kapiga kelele mara ngapi, kwa hiyo nyumba yenye watu waliokata tamaa wakanyamaza inatoka na alama nzuri kuliko nyumba yenye watu wanaodai haki yao.

Mwingine ni bibi wa kuita. Huyu anaita "nesi, nesi" asubuhi yote, ukifika anakushika mkono hasemi anataka nini, ukiondoka anaanza tena. Kwenye ramani yake U zilikuwa nyingi sana kama mlivyotegemea. Lakini mtazamaji alituonyesha kitu ambacho sisi tulio ndani ya mbio hatukuweza kukiona, kwamba akisimamishwa kutembezwa kidogo moyo unapanda, akiketishwa unakuwa sawa kwa muda, afu kadiri anavyozidi kukaa ndo unashuka, na kuita kunaanza hapo. Ilikuwa ni kukaa. Sista akampima maumivu kwa kile kipimo cha PAINAD, kile kinachoangalia pumzi, sauti, uso, mwili na kama mtu anabembelezeka, kwa sababu mtu wa hatua hiyo ukimwuliza "unaumwa?" hawezi kukujibu kwa uhakika. Daktari akamwandikia parasetamoli ya kila siku kwa saa maalum badala ya ile ya "akihitaji", maana mtu asiyeweza kusema anahitaji hataipata kamwe. Kuita hakujaisha, ila kumepungua mpaka wakazi wenzie wameacha kumkaripia, na kutembezwa kumeingia kwenye mpango wake kama dawa.

Na hili halikuwa la kubahatisha. Kuna utafiti wa Norway uliotoka kwenye jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2011, walichukua wakazi 352 wenye demensia na fujo kwenye nyumba 18, nusu wakatibiwa maumivu kwa utaratibu, wengi wao kwa parasetamoli tu, na baada ya wiki 8 kuhangaika kulipungua kwa wastani wa asilimia 17. Sasa linganisha na njia ambayo nyumba nyingi hukimbilia, zile dawa za kutuliza akili ziitwazo antisaikotiki. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kali mwaka 2005 kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye demensia. Kwa yule bibi mazungumzo ya antisaikotiki yalikuwa yameshaanza. Hilo peke yake kwangu limelipa gharama ya huduma nzima.

La tatu ni dada wa usafi, na hapa watu wengi kwenye kikao walishika midomo. Mtazamaji alisema nyakati ambazo wakazi walipanda juu zaidi, zile +3 na +5 zenyewe, nyingi ziliangukia pale yeye anapopita na ndoo yake. Sio sisi wahudumu wala mtu wa shughuli anayekuja na mpira na puto. Alikuwa anapiga deki taratibu huku anaongea na kila mtu kwa jina lake, anamwuliza mzee mmoja "hapa nimepiga deki vizuri au nirudie?" na mzee anakagua sakafu kwa umakini kabisa anamwambia arudie kona ile. Bibi mwingine anampa kitambaa cha kufutia meza na bibi anafuta meza ile ile mpaka yeye anamaliza chumba. Hana haraka nao kwa sababu kazi yake haimlazimishi kumgusa mtu wala kumtoa mtu mahali kumpeleka mahali. Huyu dada hajawahi kuitwa kwenye mafunzo ya demensia hata mara moja, haji kwenye kukabidhiana zamu, na mkataba wake ni wa kampuni nyingine. Yaani mtu anayebeba furaha ya wodi hayumo kwenye orodha ya watu wa wodi. Alipoambiwa alilia. Meneja, namsifu kwa hili, siku hiyo hiyo aliagiza awe anaingia kwenye vikao na mafunzo kwa muda wa kulipwa.

Mengine yalikuwa ya haraka haraka. Tulikuwa tunalisha watu tumesimama, sio kwa dharau, hakuna viti vya kukaa karibu nao, vikanunuliwa vigoda vyepesi basi likaisha. Televisheni inayoongea peke yake tangu asubuhi imezimwa, inawashwa kwa kitu mtu alichochagua. Sahani zetu zilikuwa nyeupe juu ya meza nyeupe, mtazamaji akagusia utafiti wa Boston wa 2004 ambao watu wenye Alzheimer, aina moja ya demensia, wa hatua za mbele walikula asilimia 25 zaidi na kunywa zaidi pia walipopewa vyombo vyekundu, kwa sababu jicho linaona mwisho wa sahani uko wapi. Tumebadilisha vyombo.

Nije kwa wafanyakazi, maana hii huduma inauzwa kama ya wakazi na mi nasema nusu ya faida tuliipata sisi, au tungeipata kama ingefanywa sawasawa.

Mtazamaji alipoyapanga yale ya kushusha kwa kufuata saa, yaani kumharakisha mtu, kuongea juu ya kichwa chake kama hayupo, kumpita anapoita, hayakusambaa siku nzima. Yalirundikana. Yalirundikana kwenye kipande kimoja cha asubuhi, na watu wale wale waliofanya hayo ndo wale wale waliofanya mengi mazuri baadaye mchana. Meneja akauliza ni nani hao. Mtazamaji akakataa kumtajia jina, akasema hiyo haiwezekani kwa taratibu zao isipokuwa ni jambo la kumdhuru mtu, badala yake akamwomba atoe ratiba ya siku ile waiweke pembeni ya ramani. Ndo ikaonekana. Kipande kile mmoja yupo mapumziko, sista yupo kwenye dawa na hatakiwi kusumbuliwa, wawili wapo chumbani na mkazi wa kuinuliwa na mashine ambayo haiendeshwi na mtu mmoja, kwa hiyo sebule nzima imebaki na mhudumu mmoja, na choo kinahitajika na watu watatu kwa pamoja. Mtu huyo mmoja unataka awe na sauti ya upole ya aina gani?

Hicho kikao kilinibadilishia namna ninavyoielewa hii kazi na nataka mameneja wanisome hapa kwa makini. Kila siku tunaambiwa tuwe na moyo, tuwe wavumilivu, tunaletewa bango la "mkazi kwanza". Ile karatasi ilionyesha kwamba upole wetu una saa zake, unapatikana watu wakiwa wa kutosha na unakatika watu wakiwa wachache, na hauhusiani na nani ana moyo na nani hana. Ustawi wa mkazi na ustawi wa mhudumu ulikuwa ni mstari mmoja kwenye grafu ile ile. Mapumziko yakasogezwa, mashine ya kuinulia haitumiki tena kipande kile isipokuwa kwa dharura, na mtu wa shughuli anaanza kazi yake mapema kidogo awepo sebuleni. Hakuajiriwa mtu hata mmoja. Kwenye hilo sijaridhika, maana kusogeza ratiba kuna mwisho wake na wodi yetu ikikosa mtu mmoja tu kwa ugonjwa tunarudi pale pale.

Kingine kilitokea ambacho hakikuwa kwenye mpango. Katikati ya mrejesho, kaka mmoja, mtu mzima mkimya, akamwuliza mtazamaji mbona kwenye ramani hakuna kile kiti cha dirishani. Ni kiti cha mzee aliyefariki muda mfupi kabla, kitanda chake kilipata mtu mwingine kesho yake na sisi tukaendelea na kazi kama kawaida. Huyu kaka alikuwa amemuogesha mzee yule kwa miaka. Watu wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine. Mtazamaji hakukimbilia kwenye slaidi inayofuata, aliacha watu waseme. Kwenye hizi nyumba tunazika watu tunaowajua mpaka jinsi wanavyopenda kukunjiwa shuka na hakuna mtu anayekuuliza unaendeleaje, na kesho yake mwingine anakutandika kofi kwa sababu amekuona kama mwizi chumbani kwake, nayo unaandika kwenye fomu unaendelea. Watu wanaacha kazi kwa hayo kuliko kwa mshahara mdogo, ingawa mshahara nao ni mdogo.

Kutoka hapo tumeanza kukaa dakika chache mwisho wa zamu, milango imefungwa, hakuna anayeandika, unasema lililokulemea kama unataka. Mkazi akifariki tunawasubiri wa zamu mbili wakutane kabla kitanda hakijatandikwa upya. Haya hayakuwemo kwenye kifurushi cha kampuni, yalikuja kwa sababu mtazamaji alijua kunyamaza. Ukiniuliza kwa nini dada wa wakala aliyetaka kuondoka bado yupo nasi, nitakutajia hizo dakika.

Lawama zangu sasa. Ripoti iliyoandikwa ilikuja imejaa grafu na lugha nzito ambayo nusu ya wodi haikuielewa, na ilikaa ofisini. Tulichokielewa tulikielewa mdomoni kwa mtazamaji, ambaye hakuja kufanya hivyo kwa watu wa usiku kwa sababu mrejesho uliwekwa mchana wakati wao wamelala. Watu wa usiku wakasikia habari nusu nusu na wakaona mabadiliko yameshuka kwao kama amri. Mpaka leo kati yetu na wao kuna ukakasi. Na usiku wenyewe haukutazamwa, wala jioni, ule muda jua linazama wengi wanaanza kuhangaika kutafuta njia ya kwenda kwao, ambao kwa yeyote aliyefanya hii kazi ndo muda mgumu kuliko wote. Kuwauzia watu picha ya nyumba yao bila jioni sio sawa.

Lingine sio kosa la kampuni, ni mpaka wa mbinu. Kwa sababu inatazama maeneo ya wote tu, mkazi asiyetoka tena kitandani hayumo. Wale wa hatua ya mwisho, ambao hawaongei na hawageuki wenyewe, kwenye ramani hawapo kabisa, na hao ndo wanaohitaji sana mtu wa kuwafikia. Kwa hao utatafuta kitu kingine, kuna Namaste Care iliyoanzishwa na Joyce Simard kule Marekani, mambo ya mguso wa taratibu, mafuta mikononi, muziki na mtu kukaa na wewe bila kukimbia, tumeanza kidogo na naona inafaa.

Na kuhusu ushahidi, wauzaji hawatakuambia hivi kwa hiyo nakuambia mimi. Matokeo ya tafiti yamechanganyika. Utafiti wa Sydney uliotoka 2009 ulikuta DCM inapunguza kuhangaika kwa wakazi. Wa Uholanzi uliotoka 2013 haukukuta hivyo kwa wakazi, ila ulikuta wahudumu wana hisia mbaya chache na nzuri nyingi zaidi wakiwa kazini, jambo ambalo mi silishangai hata kidogo. Afu ukaja mkubwa wa Uingereza uliohusisha nyumba 50, ukatoka 2020, nao ukasema kuhangaika hakukupungua. Ukiusoma vizuri unakuta nyumba nyingi zilizopewa DCM hazikufika mbali baada ya mzunguko wa kwanza, kwa sababu watu wa kuendesha ile kazi walikuwa ni wahudumu wa nyumba hizo hizo, na hawakupewa muda, wengine wakahama kazi, mameneja wakabadilika. Yaani nyumba iliyochoka ikapewa kazi nyingine juu ya uchovu wake. Hilo linatufundisha kuhusu DCM na kuhusu mpango wowote mwingine utakaoletewa.

Kama pesa ni kidogo mno angalia WHELD kwanza, mpango mwingine wa kuboresha huduma ya demensia, nao wa Uingereza, walijaribu kwenye nyumba 69 na kuchapisha 2018. Humo kitovu ni kumjali mtu kama mtu, pamoja na saa moja tu kwa wiki ya mazungumzo na shughuli anazozipenda mkazi mwenyewe, na ubora wa maisha ulipanda, kuhangaika kukashuka na gharama ikawa chini kuliko huduma ya kawaida. Saa moja kwa wiki! Hilo linaonyesha jinsi wakazi wanavyopata kidogo kwa kawaida.

Maksi zangu. Mbinu yenyewe nyota 4, nimekata moja kwa ajili ya walio kitandani. Mtazamaji nyota 5. Kampuni nyota 2, kwa karatasi ya ukutani, kwa ripoti isiyosomeka na kwa kuwasahau wa usiku.

Nani aichukue: nyumba ambayo meneja wake yuko tayari kuambiwa kwamba tatizo liko kwenye ratiba yake. Kama anatafuta ushahidi wa kumfukuzia mtu, au cheti cha kuwaonyesha wakaguzi na ndugu wa wakazi, wahudumu wataumia na wakazi hawatapata kitu, bora hiyo pesa aongeze mtu mmoja asubuhi. Nani asubiri: nyumba ambayo kila wiki inajazia zamu kwa watu wa wakala wanaobadilika, pale hata mrejesho mzuri hautampata mtu wa kuupokea, kwanza shikeni wafanyakazi wenu.

Kabla ya kusaini ulizeni haya na mpate majibu kwa maandishi. Kikao cha maandalizi kitakuwa na zamu zote? Majina ya wahudumu yatalindwa mpaka wapi? Jioni itatazamwa? Mrejesho utatolewa mara ngapi ili kila zamu iusikie, na kwa muda wa kulipwa au wa mapumziko yetu? Mzunguko wa pili ni lini, na ukiwafundisha wafanyakazi wetu kutazama wenyewe, nani atasimama nafasi zao wodini wakiwa wanatazama? Hili la mwisho ndo lililoziangusha zile nyumba za Uingereza kwa hiyo msiliache.

Kwetu mzunguko wa pili umeshapangwa na tumedai jioni iwemo, meneja amekubali. Dada wa usafi ameombwa akasomee utazamaji na anafikiria, anasema akikaa na ubao nani atapiga deki na wazee wake. Yule mama mtulivu sasa hivi anasogezwa meza ya karibu na jikoni asubuhi ambapo watu wanapita na kusimama, juzi alikuwa anabishana na mtu kuhusu maua kwenye kitambaa kama ni ya kweli. Ramani ya pili ikitoka nitaongeza yake hapa pamoja na ya jioni.